Nimekwenda kando ya mpango niliousajili: je, niseme yote?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Kabla ya kukusanya data nilisajili mpango wa utafiti wangu mtandaoni: washiriki 200 wajifunze orodha ya maneno, nusu wapumzike dakika kumi baada ya hapo, nusu waendelee na kazi nyingine, kisha baada ya siku 7 wote wapimwe wanakumbuka maneno mangapi. Mambo hayakwenda hivyo. Nimepata washiriki 163, fedha zikaisha. Wengine walichelewa kurudi, nikawapokea hadi siku ya 10. Jaribio la t nililoliahidi, la kulinganisha wastani wa makundi mawili, limetoa p = 0.08, juu ya kigezo cha kawaida cha 0.05, lakini nilipoingiza alama za jaribio la mwanzo kwenye hesabu ikawa 0.03. Je, ni lazima nitaje yote haya? Naogopa wahakiki wataona usajili wangu ni bure. Msimamizi wangu anasema nisijisumbue, hakuna anayekwenda kusoma mpango. Tena anashauri makala ianze na jaribio la kutambua maneno, ambalo kwenye mpango lilikuwa kipimo cha pili, maana hilo limetoka vizuri.

JIBU: Marahaba. Ndiyo, utaje yote. Kama sentensi hiyo ingetosha ningeishia hapo, lakini naona unachoogopa hasa ni kwamba kila ulipokwenda kando ya mpango umetenda kosa, na makosa yote yana uzito mmoja. Sivyo. Katika mambo manne uliyoandika, moja halina madhara makubwa, moja linategemea tarehe, na moja litakubidi uliandike kwa namna usiyoipenda. La nne ni hilo la msimamizi wako, ulilolidondosha mwishoni kana kwamba ni dogo. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Kwanza usajili wenyewe, kwa sababu wengi huufananisha na kiapo: ukiuvunja, wewe ni mwongo. Mimi huuona kama muhuri wa tarehe. Kazi yake ni kumwambia msomaji: haya niliyaamua nikiwa bado sijaona data. Haumwambii kwamba mpango ulikuwa mzuri, wala kwamba ulifuatwa. Mpango mbovu uliosajiliwa unabaki mbovu, na kuufuata kwa ukaidi ilhali umeona kasoro yake hakumsaidii mtu.

Muhuri huo una maana kwa sababu mtu mwenye data mkononi ana njia nyingi za kuzichambua, na kila njia anaweza kuitetea kwa nia njema kabisa. Mwaka 2011 wanasaikolojia Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walipima jambo hili kwa kompyuta. Walichukua maamuzi manne ambayo watafiti huyafanya kila siku: kuchagua kati ya vipimo viwili, kuongeza washiriki kidogo baada ya kuchungulia, kuingiza jinsia kwenye hesabu, kuacha kundi moja la majaribio. Ukiyatumia yote kwa pamoja, uwezekano wa kupata matokeo "yenye maana" (yale ambayo p yake, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hiyo kama kwa kweli hakuna kitu, iko chini ya 0.05) mahali ambapo hakuna kitu hupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 61. Katika makala hiyohiyo waliripoti kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwapunguzia watu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Si kujisikia vijana, umri wenyewe! Walifanya hivyo makusudi, kuonyesha kwamba takwimu zinazokubalika zinaweza kukufikisha popote.

Kwa hiyo, kwa kila jambo ulilobadilisha, swali la kwanza la msomaji ni hili: ulipoamua kubadilisha, ulikuwa unajua nini kuhusu data? Sababu ya kubadilisha huja baada ya hapo. Katika makala nyingi ninazohakiki naona aya nzima ya sababu, imepambwa vizuri, bila neno hata moja kuhusu wakati. Sababu nzuri haikosekani kamwe; ukimpa mtafiti nusu saa atakuletea tatu.

Nikupe mfano wa mabadiliko makubwa yaliyofanywa inavyotakiwa. Mwaka 2020, katika jaribio la dawa ya remdesivir kwa wagonjwa wa korona lililoitwa ACTT-1, kipimo kikuu kilikuwa hali ya mgonjwa siku ya 15 kwenye ngazi yenye madaraja manane. Katikati ya jaribio kikabadilishwa, kikawa idadi ya siku hadi mgonjwa apone. Kubadilisha kipimo kikuu jaribio likiendelea! Wakosoaji walipiga kelele, na walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini makala ilieleza kila kitu: pendekezo lilitolewa tarehe 22 Machi na wanatakwimu wasiojua nani amepewa dawa na nani hakupewa, wala hawakuwa na habari ya matokeo, wakati huo walikuwa wameandikishwa wagonjwa 72 tu, kati ya 1,062 waliofikiwa mwishoni. Sababu nayo ikatolewa: ilishaonekana kwamba ugonjwa huu huenda kwa muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa, hivyo siku ya 15 huenda ingekuwa mapema mno. Kipimo cha zamani hakikutupwa, kiliripotiwa kama kipimo cha pili. Unaweza kubishana nao kuhusu uamuzi, lakini huna pa kusema umefichwa.

Sasa turudi kwako.

Washiriki 163 badala ya 200. Ukipunguza idadi kwa sababu fedha zimeisha, na hukuwa umechungulia matokeo kabla ya kusimama, hujaongeza hatari ya kupata matokeo ya uongo. Ulichopoteza ni nguvu ya utafiti, yaani uwezekano wa kuiona tofauti kama kweli ipo. Tuseme ulitarajia tofauti ya 0.4 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika): washiriki 200 wangekupa nguvu ya asilimia 80 hivi, hawa 163 wanakupa kama 72. Sentensi mbili zinatosha. Lakini sema wazi kwamba hukuchungulia, na kama ulichungulia, sema hivyo pia, maana hapo hesabu inageuka. Mtu anayepima mara tano njiani, kila mara kwa kigezo cha 0.05, akisimama pale anapopata anachotaka, hatari yake halisi ni karibu asilimia 14.

Waliochelewa. Hili ndilo linalotegemea tarehe. Uliamua lini kuwapokea hadi siku ya 10? Kama uliamua siku ile mshiriki wa kwanza alipokupigia simu kwamba hawezi kufika, hujasahihisha karatasi hata moja, uamuzi ni safi. Kama uliamua umekaa na jedwali la alama mbele yako, si safi, hata kama uamuzi ni uleule. Tafuta barua pepe na ujumbe wa simu. Tarehe zimo humo. Usipozipata, andika kwamba huna uhakika. Msomaji atakuamini zaidi kwa hilo kuliko kwa kumbukumbu iliyonyooka mno.

Hapa pia kuna jambo la sayansi yenyewe, si la utaratibu tu. Kumbukumbu hufifia kadiri siku zinavyopita, hivyo siku tatu za ziada zina uzito. Waliochelewa ni wangapi, na ni wa kundi gani? Wakiwa wengi upande wa waliofanya kazi nyingine, ubora wa waliopumzika unaweza kuwa umetokana na kalenda. Fanya hesabu mara mbili, mara moja ukiwa na wote na mara moja ukiwa na waliorudi siku ya 7 peke yao, uweke majibu yote mawili. Jibu lisipobadilika, umelifunga suala kwa mstari mmoja.

Hesabu yenye alama za mwanzo. Hapa nakuonea huruma kidogo, maana njia uliyotumia ni nzuri. Kuingiza alama za mwanzo huondoa sehemu ya mtawanyiko usiohusu swali lako: kama alama za mwanzo na za mwisho zina uhusiano (korelesheni) wa 0.6, mtawanyiko uliobaki hupungua kwa asilimia 36. Ungeiandika kwenye mpango ningekusifu. Hukuiandika. Umeifikia baada ya kuona 0.08, na kwa maneno yako mwenyewe "ikawa" 0.03. Jiulize: jaribio la t lingetoa 0.03 siku ile, ungejaribu hesabu nyingine? Bila shaka ungefunga kompyuta ukaenda kulala. Ndiyo maana 0.03 hii haina uzito wa 0.03 iliyopangwa, ingawa namba ni ileile na fomula ni ileile. Mwanasaikolojia Daniël Lakens, akimfuata mwanafalsafa Deborah Mayo, hulieleza jambo hili kwa wazo la ukali wa jaribio: dai limejaribiwa kwa ukali pale tu ambapo lilikuwa na nafasi halisi ya kushindwa. Dai lako lilishindwa mara moja, likapewa nafasi ya pili.

Kwa hiyo matokeo yako makuu ni 0.08. Yaandike kwanza, bila kuomba radhi. Na usiyaite "hakuna tofauti", maana hayasemi hivyo: kwa hesabu yangu ya haraka, p ya 0.08 kwa watu 163 waliogawanywa nusu kwa nusu ni tofauti ya kama 0.28 ya mkengeuko sanifu, na kipindi chake cha kujiamini cha asilimia 95, yaani masafa ya tofauti zinazoendana na data zako, kinaanzia chini kidogo ya sifuri hadi karibu 0.6. Hiyo ni habari yenye faida kwa mtu anayepanga utafiti unaofuata. Baada ya hapo weka ile ya 0.03, ukiitaja kwa jina lake: uchambuzi wa kuchunguza, uliochaguliwa baada ya kuona matokeo ya kwanza.

Sasa lile la nne. Msimamizi wako anashauri jaribio la kutambua maneno litangulie. Kwenye mpango lilikuwa la pili; sasa limetoka vizuri, linapandishwa cheo. Katika tafiti za tiba jambo hili lina historia mbaya. Mfano maarufu ni Study 329, utafiti wa dawa ya paroxetine kwa vijana 275 wenye sonona, uliochapishwa mwaka 2001. Mpango ulitaja vipimo vikuu viwili, na vyote viwili havikuonyesha tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu. Makala iliyotoka ilisisitiza vipimo vingine vilivyopendeza, ikahitimisha kwamba dawa inafaa na inavumilika. Watafiti wengine walipozichambua upya data zilezile kwa kufuata mpango wa awali, wakachapisha mwaka 2015 katika jarida la BMJ, hawakuona faida ya dawa; waliona madhara yaliyoongezeka, yakiwemo mawazo na vitendo vya kutaka kujiua. Orodha yako ya maneno haitamdhuru mtu. Lakini mbinu ni ileile, na anayeizoea kwenye orodha ya maneno haachani nayo siku anapopewa wagonjwa.

Sisemi ulifiche jaribio la kutambua. Liripoti kikamilifu, mahali pake, kama kipimo cha pili, na uwakumbushe wasomaji kwamba vipimo vikiwa viwili uwezekano wa kimoja kutoka vizuri kwa bahati tu unapanda hadi karibu asilimia 10 kama havihusiani, chini kidogo ya hapo kama vinahusiana. Ukiona ndilo jambo la kusisimua zaidi katika utafiti wako, lifanye kipimo kikuu cha utafiti ujao, usajili upya.

Kuhusu hoja kwamba hakuna anayesoma mpango, msimamizi wako hajakosea sana, na hilo linanihuzunisha kusema. Kikundi cha daktari Ben Goldacre kule Chuo Kikuu cha Oxford, katika mradi wa COMPare, kililinganisha mipango na makala za majaribio 67 ya tiba yaliyochapishwa katika majarida matano makubwa kati ya mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Ni majaribio 9 tu yaliyoripoti kila kipimo kama kilivyopangwa. Vipimo 354 vilivyoahidiwa havikuonekana kwenye makala, na vipya 357 vilipenyezwa kimyakimya. Kikundi kiliandika barua 58 za kusahihisha. Majarida yakachapisha 23. Wahariri wa majarida hayo walikuwa na mipango hiyo kiganjani, na yakapita. Basi ni kweli, huenda asisome mtu.

Ila anaweza pia kusoma, na hapo hakuna wa kukuokoa. Mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha makala ya watafiti ambao baadhi yao ni vinara wa uwazi katika sayansi. Ilionyesha kwamba tafiti zikifanywa kwa njia bora, usajili wa awali ukiwemo, matokeo yake hurudiwa kwa kiwango cha juu. Makala ilidai uchambuzi wake ulisajiliwa kabla. Joseph Bak-Coleman na Berna Devezer wakaenda kufungua nyaraka zilizosajiliwa, wakaona hazilingani na dai hilo. Septemba 2024 makala ikaondolewa. Sina furaha nayo. Nawaheshimu baadhi ya waandishi wake, na nadhani wangeandika tu "sehemu hii hatukuisajili, tuliiamua baada ya kuona data", pengine wangebaki na makala. Kilichowaponza ni kudai muhuri mahali ambapo haukuwepo.

Mahali pa kuandika: kwenye sehemu ya mbinu, weka jedwali dogo lenye mpango ulisema nini, ulifanya nini, kwa nini, lini na ukijua nini, na matokeo yangekuwaje kwa njia ya awali. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayomwondolea msomaji wasiwasi. Mambo madogo kabisa, kama kubadilisha programu ya hesabu, yakusanye katika sentensi moja kwenye kiambatisho. Jedwali la mistari arobaini huficha kama ukimya unavyoficha. Jambo linalogusa hitimisho lako liingie hata kwenye muhtasari, kwa sababu huo ndio wengi wanaousoma. Na usiuguse usajili wa zamani. Sajili nzuri hazikuruhusu kuufuta. Zinakuruhusu kuongeza toleo jipya lenye maelezo huku la kwanza likibaki wazi na tarehe yake. Ungekumbuka kufanya hivyo siku ulipowapokea waliochelewa, nusu ya barua hii nisingeiandika.

Pia utakuta maamuzi ambayo mpango haukuyataja kabisa. Hayo nayo yaseme. Katika mpango wangu wa kwanza niliandika kwamba "washiriki wasio makini wataondolewa", nikajiona mjanja. Data zilipokuja nikagundua kuna njia nne za kumtambua asiye makini, na kila moja inaondoa watu tofauti. Sikuwa nimevunja mpango wowote, na hapohapo nilikuwa huru kuchagua jibu ninalolitaka. Niliishia kuripoti zote nne, na mhakiki mmoja akalalamika kwamba jedwali linachosha. Lilichosha kweli.

Wahakiki wako watafanya nini? Wengine watakupiga kwa hayohayo uliyokiri. Hilo hutokea na sitakudanganya. Wengi zaidi, kwa niliyoyaona, humpa mtu mkweli nafasi, hasa anapowaonyesha kwamba amefanya hesabu kwa njia zote mbili. Kama jarida lako lina utaratibu wa kukubali makala kabla ya matokeo, utafiti ujao upeleke huko. Mpango wako unahakikiwa kwanza. Ukiona haja ya kubadilisha kitu unamwandikia mhariri kabla ya kubadilisha, na p ya 0.08 haiwezi kukunyima nafasi.

Msimamizi usimwendee na mahubiri. Mwendee na rasimu, kwa sababu ni vigumu kugombana na aya iliyokwisha kuandikwa vizuri. Mwambie unaogopa mtu aje kulinganisha baadaye, na jina lake limo kwenye makala. Unaweza kuanzia na hii:

"Utafiti ulisajiliwa kabla ya kukusanya data. Tulipanga washiriki 200. Tulisimama kwa 163 kwa sababu ya kuishiwa fedha, kabla ya kufanya uchambuzi wowote. Mpango ulitaka upimaji siku ya 7. Tuliwapokea waliorudi hadi siku ya 10, uamuzi uliofanywa tarehe ____, kabla ya kusahihisha majaribio. Matokeo bila washiriki hao yamo kwenye jedwali. Uchambuzi mkuu ni jaribio la t lililosajiliwa (p = 0.08). Uchambuzi unaozingatia alama za mwanzo (p = 0.03) haukusajiliwa na ulichaguliwa baada ya kuona matokeo ya uchambuzi mkuu. Jaribio la kutambua maneno lilisajiliwa kama kipimo cha pili na linaripotiwa hivyo."

Maneno "kabla ya kufanya uchambuzi wowote" na "kabla ya kusahihisha majaribio" nimekuwekea kwa kudhani. Yabakishe kama ndivyo ilivyokuwa. Kama sivyo, yafute uandike ilivyokuwa.